Aliyepanda Jozani

Sikuyaota haya, wala sikuwa na homa. Yalinipata mchana, mikono yangu ikinuka mafuta ya taa, na huyo nitakayekusimulia nilimwona kama unavyoviona vidole vyako. Ukitaka kucheka, cheka. Na mimi nilikuwa nikizicheka hadithi za wengine.

Kwanza nikwambie nilivyo, maana bila ya hilo hutoelewa nilikosea wapi. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Ufundi sikufunzwa na mtu. Nimejifunza kwa video za kwenye simu na kwa kuharibu. Kwa hiyo nilipoitoa pikipiki ya marehemu babu yangu kwenye banda la uani, kwetu Mpendae, ambamo ilikuwa imelala miaka mingi chini ya matenga ya kuku, niliifungua injini yote mpaka nati ya mwisho. Nikazipanga juu ya shuka nyeupe na kuzisugua moja moja. Ringi mpya za pistoni nilizipata Mji Mkongwe kwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri, ambaye aliniuliza kama pikipiki hiyo naifufua au naizika. Nikaifunga injini, nikalala. Asubuhi nikaifungua tena, kwa sababu usingizini nilihisi kuna bolti sikuikaza sawasawa.

Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Bibi yangu, ambaye macho yake yameingia ukungu na siku nyingi hushinda kitandani karibu na dirisha la uani, alikuwa akinisikiliza. "Mume wangu," aliniambia, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu, "pikipiki hiyo utaipanda au utaivisha shela?"

Siku moja jua likiwa utosini, Bibi kalala, mtaa mzima umenyamaza, nikasikia, "Hodi, wenyewe." Nikajibu "Karibu" bila ya kuinua kichwa. Nilipokiinua, mwanamke alikuwa amesimama kwenye kivuli cha banda. Alivaa buibui la kizamani, mkononi ana kikapu cha ukili. Umri wake siwezi kuusema. Kila nilipomtazama usoni niliona kama namkumbuka, si kama namwona. Kwenye kandambili yake lilinasa jani bichi la mtondoo, mti wa msituni, nikajiuliza, mitondoo Mpendae iko wapi?

Tukasalimiana. Akaiangalia injini iliyotawanyika juu ya shuka.

"Bado tu?"

"Bado kidogo, dada."

"Lini?"

Niamini, swali hilo dogo lilinichoma. Sipendi kuonekana sijui kazi yangu. Nikasema, "Ijumaa itakuwa tayari. Nakuhakikishia."

Akatabasamu. "Hukusema inshaallah," akasema polepole. "Na yule naye hakusema."

Nikainama kuokota spana iliyoniponyoka. Nilipoinuka, palibaki kivuli cha banda peke yake.

"Unazungumza na nani?" Bibi akauliza kutoka dirishani.

"Na jirani. Kaja kuulizia pikipiki."

"Jirani kapita wapi? Mlango nshautia komeo tangu asubuhi."

Nilikwenda kuutazama. Komeo lilikuwa mahali pake. Nikarudi nikamweleza yote: buibui, kikapu, jani, na ile Ijumaa niliyoahidi. Alijiinua akaegemea mto. Halafu akanambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Babu alikuwa akirudi kutoka kusini, nyuma kapakia gunia la muhogo. Alipofika msitu wa Jozani alimkuta mwanamke mwenye kikapu kando ya njia, akamwomba ampakie. Babu akamwambia, "Nisubiri hapo hapo. Nashusha mzigo, narudi kukuchukua." Akashusha mzigo nyumbani, akapiga kiki, injini ikagoma. Haikuwaka tena. Asubuhi alimtuma mtu akamtazame, hakuona mtu. Na Babu mwenyewe akaanza kuugua.

"Siku zake za mwisho hakulala," Bibi akasema. "Kila akifumba macho, 'Kuna mtu nnamchelewesha.' Mpaka leo akinijia ndotoni huja kasimama. Namwambia kaa, hakai." Akanishika mkono, mafuta na yote. "Mpeleke huyo mtu, mume wangu. Nataka babu yako akae."

Ijumaa ikafika. Injini ilikuwa imefungwa lakini ilivuja mafuta, tone baada ya tone, na mimi nilikuwa nshashika spana kuifungua upya.

"Iache ivuje," Bibi akasema. "Hata babu yako ilikuwa ikimvujia."

Baada ya sala nikapiga kiki. Ikawaka papo hapo. Bibi aliweka kiganja kwenye nondo za dirisha, akainamisha kichwa, akasikiliza kama mtu anayesomewa dua.

Jozani miti inakutana juu ya barabara, na mwanga unakuwa wa kijani, kama uko chini ya maji. Kima punju walikaa matawini bila ya kupiga kelele. Na yeye alikuwepo, kando ya njia. Hakunisalimu. Alikaa upande, kama wanawake wanavyokaa, kikapu mapajani, na nikazihisi springi za nyuma zikishuka. Ulikuwa uzito wa mtu. Si upepo, si woga wangu.

"Twende wapi?"

"Twende tu. Ntakwambia."

Tulikwenda. Muda gani, sijui. Injini niliihisi miguuni lakini sikuisikia. Nilichosikia ni yeye akiimba kwa pua, kama mama anayebembeleza mtoto. Unajua nini kilinishangaza? Sikuogopa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na kitu cha kukagua. Ningeweza kwenda hivyo mpaka barabara ikaisha na bado nikaendelea.

"Nishushe hapa," akasema.

Tulikuwa kwenye kilima kidogo chenye kokoto. Na wasiwasi wangu wote ukanirudia. Nikiisimamisha hapa, itazima. Ikizima, haitowaka. Na kokoto hizi, ataanguka.

"Ngoja kidogo," nikamwambia. "Nitakushusha pale mbele, pamesawazika."

Umenisikia nilivyosema?

Nilifika pale tambarare, pazuri kweli, nikasimama, nikageuka. Hakuwepo. Juu ya kiti palikuwa na jani la mtondoo. Ghafla kima wakaanza kupiga kelele na injini ikanguruma masikioni mwangu. Nilirudi kwenye kile kilima nikaita. Niite nani? Hata jina sikumuuliza.

Nikarudi Mpendae. Bibi alinisikia kabla sijazima.

"Karibuni," akasema.

"Niko peke yangu, Bibi."

"Injini hiyo nimeisikiliza ujana wangu wote. Inalia ya watu wawili."

Nikachuchumaa nikaangalia. Springi za nyuma zilikuwa zimebonyea.

Zimebonyea mpaka leo. Nilizibadilisha, nikatia mpya, nazo zikashuka. Kuvuja kuliacha kwenyewe, na injini sijaigusa tena. Babu alimjia Bibi ndotoni mara moja tu baada ya siku ile: alikaa barazani, akaomba kahawa, akanyoosha miguu. Hajarudi tena. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Mimi kila Ijumaa nikitoka msikitini naichukua ile barabara taratibu. Nasimama kwenye kila kilima, nauliza, "Hapa?" Nangoja. Springi haziinuki. Na Bibi ananambia siku hizi hata chakula nakula nimesimama.

Basi wewe, ukimwambia mtu unarudi, sema inshaallah, hata kama unakwenda uani tu. Na mtu akikwambia umshushe hapa, mshushe hapo hapo. Usimtafutie pazuri zaidi.