Bibi Aliyeshika Padi Siku ya Krismasi

Sinywi pombe, siumwi, na usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimelala vizuri tu. Natanguliza hayo kwa sababu kila ninayemsimulia huanza kunitafutia visingizio: labda uchovu, labda joto la Desemba, labda upweke. Haya, niite muongo ukipenda, ila nisikilize mpaka mwisho ndipo uniite.

Nina kibanda cha gemu Kariakoo, ghorofa ya pili, kwenye jengo la zamani ambalo chini yake kuna duka la vitambaa. Kibanda ni jina tu. Ni chumba chenye tivii nne, viti vya plastiki na feni moja inayolalamika mchana kutwa. Wateja wangu ni vijana wa madukani wanaokuja kucheza mpira wa kwenye kioo na kutukanana kwa upendo. Wananiita Mama Gemu. Na mimi mwenyewe nacheza. Ndiyo, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwimbaji wa kwaya, nacheza gemu. Kama hilo linakukera, basi kisa hiki kitakukera zaidi.

Ninayoipenda ni moja, ya samurai, wale wapiganaji wa Kijapani wa zamani wenye mapanga marefu. Kupigana kwenyewe hakunishughulishi sana. Kinachonimaliza ni kuzurura. Gemu hiyo ina nchi nzima ndani yake, imegawanywa mikoa, na kila mkoa umefunikwa na ukungu kwenye ramani mpaka uutembee. Tena kila mkoa una kengele thelathini ndogo za shaba zilizofichwa: chini ya daraja, nyuma ya maporomoko, ndani ya pango. Ukiikaribia kengele unasikia mlio mdogo. Wachezaji wengi hawahangaiki nazo. Mimi siwezi kukaa kwa raha nikijua kuna moja sijaiokota.

Sasa mkoa wa tatu, wa milimani, ulikuwa umenishinda. Nilikuwa na kengele ishirini na tisa. Miezi miwili nazunguka kila jiwe, nakufa, nafufuka, narudi, na ya thelathini haionekani.

Unielewe na upande wa pili wa maisha yangu, maana ndiko kisa kiliko. Mimi ni Mchaga wa Marangu, na unawajua Wachaga na Desemba: tunafunga maduka, tunapanda mabasi, tunakwenda nyumbani. Mwaka huo sikwenda. Ulikuwa mwaka wa tatu siendi, kwa sababu ya kaka yangu Elifasi.

Kwetu mbuzi wa Krismasi hagawanywi ovyo. Kila kiungo kina mtu wake, na anayegawa huita majina mbele ya ukoo mzima. Baba alipofariki kazi hiyo ikawa ya Elifasi. Krismasi ya kwanza aliyogawa aliita wajomba, akaita mashangazi, akaita mpaka jirani. Mimi hakuniita. Nilikaa pale na sahani yangu tupu, watu wote wananiangalia na kujifanya hawaniangalii. Alfajiri ya kesho yake nikaondoka. Wewe utasema ni nyama tu. Kwetu si nyama, ni kuambiwa hadharani kwamba wewe si wa hapa. Nikaapa sitampigia simu mpaka yeye aanze, na yeye naye akanyamaza. Miaka mitatu, baba mmoja mama mmoja.

Asubuhi ya Krismasi mama akanipigia.

"Mwanangu, mpigie basi kaka yako. Umtakie heri tu."

"Mama, yeye ndiye mkubwa. Aanze yeye."

Mama akashusha pumzi, akakata simu. Nikaenda kanisani, nikaimba kwa hasira, na ibada ilipokwisha sikutaka kurudi chumbani kwangu Buguruni kula pilau peke yangu. Nikaenda kufungua kibanda.

Umewahi kuiona Kariakoo siku ya Krismasi? Mitaa ambayo siku zote unapita kwa ubavu, siku hiyo unasikia viatu vyako mwenyewe. Makufuli kila mlango. Karatasi zinapeperuka barabarani bila mtu wa kuzikanyaga. Kwenye jengo letu alikuwapo Ami Nasoro peke yake, mzee wa Kiarabu mwenye lile duka la vitambaa, ambaye siku za sikukuu zetu hafungi. Alikuwa ameweka kiti chake mlangoni kabisa pa ngazi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, binti yangu. Mbona hujaenda mlimani?"

"Mlima hauhami, ami. Nitaukuta."

Akacheka. Naomba ushike jambo moja: ngazi za jengo lile ni hizo hizo tu, na hakuna anayepanda bila kumruka mzee yule.

Ilikuwa kama saa nane mchana. Nilikuwa nimekaa na gemu yangu, samurai wangu anazunguka palepale pa siku zote, nilipohisi mtu mlangoni. Nikageuka. Alikuwa bibi mmoja mfupi, amejifunga kaniki nyeusi iliyofifia, peku. Miguu yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye vifundo. Dar haikuwa imepata mvua kwa wiki kadhaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimesikia humu mnatembea."

Lafudhi yake ilikuwa ya kwetu kabisa, ile ya juu mlimani. Nikajua huyu ni mama wa mfanyabiashara fulani, kaletwa mjini na sasa kapotea. "Hapa tunacheza gemu, bibi," nikamwambia. "Unamtafuta nani?"

"Nipe na mimi nitembee."

Ungefanya nini? Mzee, siku ya Krismasi, kaomba kitu kidogo. Nikamvutia kiti, nikampa padi, kile kidude cha kushika mikononi chenye vitufe. Nikaanza kumwonyesha hiki cha kwenda, hiki cha kuruka. Hakunisikiliza. Aliweka mikono mapajani, akatazama mbele, na vidole gumba vyake vikaanza kucheza taratibu. Samurai wangu akatembea.

Niamini, nimeona vijana wanaojua gemu. Sijaona mtu akitembea vile. Mimi siku zote nafuata barabara. Bibi alitafuta mto, akaupata, akaanza kupanda nao. Kule juu kuna daraja linalolindwa na maadui sita, na mimi sijawahi kulivuka bila kumwaga damu. Nikamwambia, "Bibi, hapo watakuua." Hakuchomoa panga. Alipofika, wale watu sita waliinamisha vichwa, wakasogea pembeni, wakampisha. Kitu hicho hakimo kwenye gemu. Nilisikia nywele zinanisimama, na bado sikuwa na hofu. Nilikuwa nimeduwaa tu, kama mtoto anayeona bahari kwa mara ya kwanza.

Hapo umeme ukakatika.

Taa ikazima. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama. Jenereta moja ikaanza kuunguruma mtaa wa pili. Na tivii yangu inawaka. Tivii tatu ziko giza, ile ya bibi inawaka, samurai anapanda mlima. Nikainama nyuma ya meza, nikachomoa waya ukutani, nikaushika mkononi hivi, nikautazama. Picha haikutetereka.

"Usinisumbue na kamba zako," bibi akasema bila kugeuka. "Nachelewa."

Nikakaa chini sakafuni na waya wangu mkononi. Ningeweza kukimbia? Ningeweza. Lakini nakuambia ukweli, kilichokuwa kwenye kioo kilikuwa kizuri mno. Theluji ilikuwa inashuka nyuma ya misonobari, maji yanameta, na nilikuwa nasikia baridi yake usoni, mle Kariakoo, Desemba. Kisha ule mlio mdogo ukasikika. Kengele ya thelathini ilikuwa ndani ya maji yenyewe, chini ya jiwe, mahali ambapo nimepita mara mia moja juu yake. Bibi aliiokota wala hakusimama kuiangalia. Akaendelea.

Misonobari ikaisha, migomba ikaanza.

Gemu ya Kijapani, jamani, na migomba! Migomba yetu, na kahawa chini yake. Ule mto ukawa mwembamba, ukawa mfereji wa kuchimbwa kwa mkono unaozunguka ubavu wa mlima, kule kwetu tunauita mfongo. Nikaanza kulia kabla sijajua ninalia nini, kwa sababu ule mteremko naufahamu. Nimeteka maji pale tangu nina miaka sita. Samurai akafika juu kabisa, kwenye banio, pale maji yanapogawanywa kutoka mtoni kuingia mfereji. Akasimama.

Kwenye mfereji alilala mtu chali. Gogo lilikuwa limembana mguu. Maji yalikuwa yanampita kifuani. Amevaa shati jeupe la kanisani, mikono imekunjwa.

"Elifasi," nikasema.

Bibi akaninyooshea padi. "Mimi nimemfikia. Kumwinua siwezi."

Unajua nilifanya nini? Nilinyakua padi nikaanza kubonyeza. Vitufe vyote. Cha kuokota, cha kusukuma, cha kupanda, kama mwendawazimu. Samurai akasimama tu.

"Si kwa hicho," bibi akasema. Akatazama simu yangu iliyokuwa mezani.

Na hapa ndipo pananiuma mpaka leo, lakini nimesema nitasimulia yote. Nilisita. Kaka yangu yuko ndani ya maji na mkono wangu ukasimama juu ya simu, na moyo wangu ukasema, kwa hiyo ndiyo mimi ninayeanza? Haikuzidi pumzi mbili. Lakini zilikuwapo.

Nikapiga. Namba yake sikuwahi kuifuta. Simu ikaanza kuita sikioni mwangu, na palepale, kwenye spika za tivii isiyo na umeme, nikasikia simu ya Elifasi inalia kule mferejini, mahali fulani kwenye nyasi. Kwenye kioo akageuza kichwa kuelekea mlio. Yu hai!

Nikakata, nikampigia mama. "Mama, Elifasi yuko wapi?"

"Ametoka tangu tulipotoka kanisani. Alisema maji hayafiki, anakwenda kuangalia. Atakuwa kapitia kwenye mbege huko."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanaume akitoweka mchana wa Krismasi nani atamtafuta? Kila nyumba ina mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na kila nyumba inadhani yuko nyumba ya jirani. Wangekuja kumtafuta jioni, na jioni angekuwa maiti.

"Mama, yuko kwenye banio! Mguu umebanwa na gogo, yuko ndani ya maji! Waite wanaume, waende sasa hivi!"

"Nani kakuambia?"

"Mama, waende!"

Nikasikia anapiga yowe la kuita watu. Nilipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Chini yake kulikuwa na dimbwi dogo la maji. Niliyagusa, yalikuwa ya baridi ya kuumiza vidole. Tivii ilizimika yenyewe mbele ya macho yangu. Nikashuka ngazi mbiombio.

"Ami, bibi aliyeshuka kaelekea wapi?"

Ami Nasoro akanitazama. "Bibi gani? Tangu ulipopanda hapajapita mtu, binti yangu. Na umeme umekatika, unafanya nini huko gizani?"

Simu ya mama iliingia saa kumi na moja. Walimkuta palepale, mguu umevunjika, midomo myeusi kwa baridi. Anapumua. Nikakaa kwenye ngazi za Ami Nasoro nikalia kwa sauti, na yule mzee akanifunika mabega kwa kipande cha kitambaa kutoka dukani kwake.

Kesho yake nilikuwa kwenye basi la kwanza. Nilimkuta Elifasi hospitalini, mguu umefungwa, mama amekaa kando yake. Sote wawili tukaanza kuomba msamaha kwa wakati mmoja, tukacheka. Alisema siku ile ya mbuzi alisahau jina langu kwa woga, ilikuwa mara yake ya kwanza kugawa, na akaona aibu kukiri mbele ya ukoo. Miaka mitatu yote, aibu tu! Nami nikamweleza ya kwangu. Nilipomtaja bibi mama akaniuliza swali moja.

"Alikuwa na viatu?"

"Hakuwa navyo."

Mama akatikisa kichwa kama mtu anayemjua, akainuka kwenda kumtafutia Elifasi uji. Hajawahi kuliongelea tena, na nikiuliza anabadilisha maneno.

Nilirudi Dar baada ya mwaka mpya. Niliwasha gemu, na kengele zilikuwa thelathini. Nilipanda na ule mto mpaka juu, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Misonobari ikiisha kuna ukuta wa jiwe. Hakuna njia, hakuna mgomba hata mmoja. Siku hizi sizururi tena humo, na gemu yangu ile nimeihifadhi, simwachii mtu mwingine aichezee.

Lakini sijakuambia alilosema Elifasi pale kitandani. Nilikuwa nataka kutoka, akanishika mkono. Kaka yangu hajawahi kugusa gemu maishani mwake, hajui hata inashikwaje.

"Sikuwa peke yangu," akasema. "Kuna bibi alikaa ukingoni muda wote. Nilimwomba anisaidie, hakunijibu. Alikuwa anatazama mbele tu, mikono iko mapajani, anafanya hivi." Akaweka mikono yake juu ya shuka, akaanza kuchezesha vidole gumba taratibu. "Anafanya hivi, anafanya hivi. Mwishowe akasema, 'Vumilia, dada yako anasitasita.' Ndipo simu ikalia."

Basi, wewe unayenisikiliza, kama kuna wa kwenu umemnunia, mpigie leo. Usijali nani aanze. Usisubiri mtu atembee peku mpaka mlangoni kwako.