Fantasy yetu ya kriketi Moro: kanuni zilivyomtupa nje Imrani

Wakuu, habari za mapumziko. Wakubwa zangu, shikamooni. Hii nimeiona kwa macho yangu, sikuhadithiwa. Anayebisha aje Moro nimpeleke uwanjani.

Mjini hapa kuna timu ya kriketi, inacheza Jumapili. Wengi ni vijana wa Kihindi wenye maduka, na Waswahili kadhaa waliojifunzia mtaani.

Sisi watazamaji tuna fantasy yetu WhatsApp. Unachagua watano kutoka timu hiyo, wakicheza unavuna pointi.

Kanuni: kila run, yaani kila mbio mpigaji anayokamilisha, pointi moja. Bowler, mrusha mpira, akimtoa mpigaji, ishirini na tano. Kudaka, nane. Mchezaji wako akipiga taratibu, unakatwa.

Sasa hapo nani amchague Imrani?

Imrani anauza vitambaa, duka lake limepakana na langu la mabomba. Ndiye anayeanza kupiga. Kazi yake ni kuzuia mipira mpaka bowler wa wapinzani wachoke, wenzake waje kula vilivyolainika.

Kwa timu ni nguzo. Kwa kanuni zetu ni hasara tupu.

Nikajaza ma-bowler. (Nanyi mngejaza, msijifanye watakatifu.) Group zima tukamwacha.

Vikosi vyetu vilipobandikwa kwenye group, akaja dukani kwangu. "Hata wewe, jirani?"

"Mimi sijakuacha, bwana. Kanuni ndizo zimekuacha."

Akacheka. Nikajua yameisha.

Jumapili tukacheza na timu ya Dar, mshindi anaingia fainali. Mpira wa kwanza tu Imrani akazungusha bat, ule ubao wa kupigia, kama anaua nyoka. Akakosa. Wa pili, hivyo hivyo, wakamtoa. Waliomfuata wakakutana na bowler ambao hawajatoka hata jasho. Wakapukutika. Dar wakaingia fainali.

Ma-bowler wangu walitoa watu kadhaa, kwa hiyo fantasy nikaongoza mimi. Zawadi kreti la soda. Sikuifurahia hata kidogo.

Kesho yake Imrani alisema neno moja tu: "Nilitaka pointi, jirani." Iliniuma.

Nilichojifunza: mtu hucheza kile kinachohesabiwa. Tumebadili kanuni, sasa kila mpira unaozuiwa una pointi yake.

Vikosi vya wiki hii vimetoka. Group zima tumemchagua Imrani.

Kapteni wa timu ndiye hajamchagua. Kamweka benchi.

Wenye fantasy zenu, za mpira au za chochote, hebu semeni hapa: kanuni zenu zinamwacha nani?