Koko Aliyeishi Usoni mwa Odette

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango, Odette Misenga husimama mbele ya kioo cha pikipiki kilichotundikwa kwenye msumari, huweka vidole gumba chini ya masikio, huivuta ngozi ya mashavu juu na nyuma, na kuiambia, "Kaa hapo." Kisha huiachia. Ngozi hurudi ilikotoka. Odette huisonya, hufunga kitambaa kichwani na kutoka kwenda kupanga chupa zake za mafuta ya mawese kando ya barabara ya Alunguli.

Mumewe, Papa Beya, fundi wa reli ambaye wazazi wake walitoka Kasai, huitazama kazi hiyo akiwa bado kitandani.

"Leo imekaa?"

"Leo ilitaka kukaa. Umeitisha na macho yako."

Tabia hiyo ilianza mwaka ule simu zenye kamera nzuri zilipojaa Kindu, na harusi zikaanza kufanywa kwa ajili ya picha kuliko kwa ajili ya wageni. Nalo jambo hilo lilimgusa Odette pabaya, kwa sababu harusi ndizo zilikuwa fahari yake. Alikuwa mpuliza firimbi wa kikundi cha akina mama wanaovaa kitenge kimoja na kuwaongoza maharusi kwa ngoma. Siku treni iliporudi Kindu baada ya vita, wanawake walikwenda stesheni kuipokea wakicheza, na Odette ndiye aliyekuwa mbele na firimbi mdomoni. Tangu siku hiyo hakuwahi kutoka mbele. Akipuliza, mstari mzima hugeuka. Akinyamaza, kila kiuno hungoja.

Basi fikiria jinsi alivyojisikia siku Maman Naomie, prezidenti wa kikundi, alipowakusanya uani kwake na kutangaza kwamba binti wa mfanyabiashara mmoja wa madini anaolewa, na watu wa video wanatoka Goma.

"Mbele nataka sura mbichi," alisema Naomie.

"Mbichi?" akauliza Odette. "Unakwenda kuipika?"

Wanawake wakacheka. Naomie hakucheka. "Maman Odette, usinikasirikie. Ni wazazi wa bibi-harusi njo wanataka hivyo. Firimbi nampa Falone. Wewe utakaa nyuma, na wale wanaochunga mikoba."

Falone alikuwa msichana aliyejiunga na kikundi mwaka huo huo. Aliinamisha kichwa kwa aibu.

"Falone hajui kupuliza hata chai ya moto," Odette alisema.

"Atajifunza. Mashavu anayo."

Nyuma na mikoba. Huko ndiko walikosimama wenye magoti mabovu na wenye kunyonyesha, wakipiga makofi wasionekane na mtu. Odette alirudi nyumbani na firimbi yake ndani ya blauzi, akakataa kula, akasimama mbele ya kioo cha pikipiki mchana kweupe. Kulikuwa na harusi moja tu ya kujitetea. Akiwekwa nyuma siku hiyo mbele ya kamera, hatarudi mbele tena, na hilo alilijua kama alivyojua njia ya mtoni.

Hapo akamkumbuka rafiki yake Élisabeth.

Élisabeth alikuwa amekwisha kuchomwa. Nyuma ya saluni moja ya nywele ng'ambo ya pili ya mto, karibu na bandari, kijana aitwaye Franck alikuwa amepanga chumba, na alikuwa akichoma wanawake sindano za kulainisha uso. Alisema alijifunzia Kinshasa. Hakuna aliyemuuliza alijifunza nini. Paji la Élisabeth lilitoka humo laini kama bilauri, na nyusi zake zilipanda juu zikabaki huko. Ukimwambia maharage yamepanda bei, alishangaa. Ukimwambia yameshuka, alishangaa vilevile.

Mambo yakawa mema mpaka alipokufa baba mkwe wake. Matanga, kama kila mtu wa huku ajuavyo, ndiyo mtihani wa mkamwana. Ukoo wa mume hukaa wamepanga viti na kuangalia anavyolia, na asiyelia vizuri hulipa. Élisabeth alimpenda mzee huyo kweli. Aliingia uani akipiga yowe la kupasua bati. Lakini sauti ilikwenda peke yake. Uso ulibaki nyuma, laini, umeinua nyusi, kama wa mtu aliyeletewa zawadi.

"Muke gani huyu analia na koo tu?" akauliza wifi mkubwa.

"Anafurahi," akajibu mwingine. "Angalia. Anafurahi baba yetu amekufa."

Élisabeth akazidisha yowe, akajigaragaza, akatia vumbi kichwani. Uso ukakataa. Wakwe wakakaa kikao palepale na kumtoza mbuzi. Odette, aliyekuwa amekaa mkekani karibu naye, alishikwa na kicheko kibaya hata akajifunika kitenge kichwani na kutetemeka mabega, na wakwe wale wale wakamsifu: tazameni rafiki tu anavyolia kwa uchungu kuliko mkamwana mwenyewe.

Mtu mwingine angejifunza kitu hapo. Odette alipiga hesabu yake tofauti.

"Harusi si matanga," alimwambia Élisabeth. "Harusini sihitaji kulia. Nitamwambia anigandishe nikiwa nacheka, basi."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake niko mbele tayari. Nani atanitoa?"

Élisabeth alishangaa, au pengine hakushangaa, haikujulikana. Wakapanda mtumbwi wakavuka mto.

Chumbani kwa Franck kulikuwa na benchi la wanaongoja, feni isiyozunguka na kiti kimoja cha kinyozi. Franck alivaa koti jeupe na kushika kalamu ya wino wa bluu. Alimkalisha Odette, akamwinua kidevu.

"Cheka, Maman."

Odette akacheka. Franck akaweka nukta kwenye pembe za macho.

"Kasirika."

Odette akamfikiria Naomie. Franck akaweka nukta katikati ya nyusi, nyingi.

"Vizuri. Sasa nifanyie uso wa uzee kabisa. Nataka mikunjo yote itoke nje niione."

Odette hakuwa amefanya uso huo kwa miaka mingi. Lakini aliufahamu kuliko sala zake, maana ndio uliomvusha vita.

Miaka ile Kindu ilikuwa imefungwa. Watu wenye bunduki walikaa kivukoni, treni haikuja, na msichana aliyetoka peke yake kwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Nyumbani kwao hapakuwa na mwanaume, na mihogo ilikuwa ng'ambo. Basi Odette alipaka majivu na unga wa muhogo nywelani, akapaka masizi ya sufuria kwenye jino la mbele ili lionekane pengo, akamtazama bibi yake kwa siku kadhaa namna anavyoinuka kitini: kwanza mguno, kisha mkono kiunoni, mwisho mgongo. Akachukua fimbo. Asubuhi akatoka koko, mwanamke mzee asiyetamaniwa na mtu.

"Pita, koko," walisema wenye bunduki bila kumtazama. Siku moja alisahau akaruka dimbwi kama swala mbele yao. Mmoja akageuka. Odette akaanguka makusudi upande wa pili, akalilia viuno vyake, akamtukana aliyechimba dimbwi, mpaka yule mwanajeshi akaja kumwinua na kumpa pole.

Kivukoni hapo ndipo alipompata Beya. Reli ilikuwa imesimama, na yeye kijana wa reli alikuwa anapiga kasia ili ale. Kila alipomvusha koko alimbebea beseni lake la mihogo hadi juu ya ukingo. Siku moja akauliza, kwa adabu nyingi:

"Koko, kwenu hakuna mujukuu?"

"Iko mumoja. Ila ana kichwa nguvu."

"Mimi pia."

Akaanza kuja kutembea jioni, kabla jua halijazama. Odette alimpokea akiwa amenawa, mjukuu mkaidi mwenye kichwa nguvu, na mambo yangekuwa rahisi kama Beya asingekuwa na malezi mazuri. Kila alipofika aliomba kumsalimia koko kwanza. Odette akawa anatokea mlango wa nyuma, anajipaka majivu mbio mbio, anaingia kwa fimbo, anasalimiwa, anaguna, anatoka, ananawa, anarudi akihema.

"Mbona unahema?" aliuliza Beya.

"Nilikuwa namlaza koko. Ni mzito."

Hivyo wakaenda mpaka jioni Beya alipoaga, akasimama mlangoni akamtazama sana. "Msalimie koko," alisema. "Mwambie amesahau majivu yake kwenye sikio lako. Na mwambie nitamuoa yeye."

Sasa, kwenye kiti cha kinyozi, Odette alivuta pumzi akamwita koko. Taya likasogea upande, jicho moja likafinyana, midomo ikamezwa ndani, shingo ikatoa kamba zake. Mgongo ukafuata wenyewe. Ukatoka mguno wa kitini, ule wa bibi yake.

Benchini wanawake waliacha kuongea. Mmoja wao, mwenye heshima zake, akainuka. Franck alishusha kalamu, na kabla hajafikiri mkono wake ulikuwa umeshamshika Odette kiwiko. "Pole, koko. Polepole."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Élisabeth alicheka kwa tumbo na mabega, uso wake ukitazama mbele kwa mshangao mtulivu, na hilo likawachekesha wengine zaidi. Odette naye aliendelea kwa kuwa ilikuwa tamu: alimuuliza Franck kama ameoa, alimdai maji ya kunywa, alimwambia koti lake limefifia.

Franck alipopata pumzi akachukua sindano. Odette akaitazama.

"Nikichomwa hiyo, huyu koko anaweza kurudi?"

"Hapana, Maman," Franck alisema kwa fahari. "Huyo tunamumaliza kabisa."

Odette alimwona koko kivukoni, akipita katikati ya bunduki na beseni lake. Wakati wote ule hakuwa na mwingine wa kutembea naye.

"Basi niache," akasema, akashuka kitini.

"Lakini nimeshaweka alama."

"Ulizoweka ni zako. Futa unazotaka."

Wakatoka. Njia nzima watu walimtazama zile nukta za bluu, na mwenye mtumbwi akauliza ni ugonjwa gani huo. Odette alikuwa anawaza. Hofu ya kwenda nyuma ilikuwa ingali palepale, ila sasa alikuwa amepata pa kupitia. Hata nyumbani hakufika. Alikwenda moja kwa moja kwa Naomie.

"Upande wa bibi-harusi wamepanga nani wa kufunikwa?"

Kabla bibi-harusi hajatolewa, upande wake hutoa kwanza wengine waliofunikwa kitenge kutoka kichwani hadi miguuni. Bwana-harusi hufunua, humkuta si wake, na wajomba zake huweka pesa kwenye sahani ili mtu huyo arudishwe ndani.

"Wasichana wawili," alisema Naomie. "Warembo. Kwa ajili ya video. Una nini usoni?"

"Watatu. Mimi wa mwisho, na mstari unatoka nyuma yangu."

"Maman Odette, nimeshasema..."

Odette akamwita koko. Naomie alirudi hatua moja, akajizuia, akajizuia tena, kisha akakaa chini juu ya kinu chake na kucheka mpaka kilemba kikamtoka.

Siku ya harusi kamera zilikuwa tatu. Msichana wa kwanza alifunuliwa, akarudishwa. Wa pili vilevile. Wa tatu alitoka taratibu, na chini ya kitenge ukasikika mguno. Bwana-harusi, kijana mwembamba ndani ya suti nzito, alifunua kona moja na kuifunika tena haraka.

"Fungua, mume wangu," ilisema sauti ya koko. "Nimekungoja tangu treni ya kwanza. Mbona umechelewa hivi, na kiatu umekivaa kipya?"

Wajomba walishikana mabega. Koko alimpapasa kijana kidevu, akamwambia ndevu zitakuja, akamtaka ambebe mpaka nyumbani kwa kuwa magoti yake yanaumwa na mvua. Wajomba walitia kwenye sahani, koko akaikagua akaisukuma kando. Wakatia tena. Kijana alikuwa anatoka jasho kama mtu aliyeoa kweli. Na katikati ya kelele zile Papa Beya akasimama kitini kwake:

"Muoe huyo, kijana. Mimi nilimuoa."

Ndipo mgongo wa koko ukanyooka. Odette alitoa firimbi ndani ya blauzi, akapuliza, na mstari wote wa akina mama ukamwagika nyuma yake, Falone akiwa wa pili na mashavu yake, viuno vyote vikingoja neno la Odette. Kamera zilimfuata mpaka zikagongana.

Jioni walirudi kwa mtumbwi, Odette na Élisabeth, viatu mikononi. Odette alikuwa bado anacheka kidogo kidogo, kama sufuria iliyoepuliwa motoni. Élisabeth aliutazama mto.

"Odette, nikuulize kitu kimoja. Hauogopi kuzeeka?"

Odette alimgeukia aone kama anatania. Uso ule laini haukumwambia kitu, basi akajibu kama alivyoulizwa.

"Naogopa," alisema. "Ila kukaa nyuma na mikoba, hiyo naogopa zaidi."