Tawi la Maua ya Njano kutoka Tchomia

Niliondoka Bunia kwa sababu mama alikataa kukaa Bunia. Tangu vita vimtoe Tchomia, wimbo wake ni ziwa, samaki, na mti wa maua ya njano ambao marehemu baba aliupanda uani. Mimi nililelewa Bunia kwa shangazi, mti wenyewe niliujua kwa kusikia tu. Niliogopa kwamba akirudi kule atapigwa risasi. Tukapatana: nikimletea tawi la mti huo, likashika Bunia, anabaki. Nikaona kazi ndogo.

Asubuhi nilikunywa chai taratibu, maana mwenye kazi ndogo hana haraka. Bogoro nikasimamisha moto, yaani pikipiki yangu, nikala mahindi ya kuchoma. Kisha njia ikateremka, joto likazidi, harufu ya samaki wa kukausha ikanipokea kabla ya watu.

Saa kumi jioni nilifika. Uani nilimkuta Mama Furaha, jirani anayetulindia kiwanja, akichuna ganda la tawi apate kamba ya kufungia samaki. Mti ulikuwa na majani mapana yenye umbo la moyo, na maua makubwa, yote mekundu, mengine yameshaanguka.

"Ule wa njano iko wapi?" nikauliza.

"Njo hii," akajibu akiuonyesha mti uleule. "Lala hapa, asubuhi utaona."

Nikacheka moyoni. Watu wa ziwa watakwambia lolote ili ubaki ule samaki wao. Nikamshukuru, nikageuza moto.

Bogoro tena, kwenye uzio wa mtu, nikaona kichaka cha maua ya njano kabisa. Nikaomba tawi, nikapewa. Niliingia Bunia napiga mluzi.

Mama alilitazama mara moja. "Muti yangu iko na majani mapana. Weye ulifika saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Ile maua inafunguka njano asubuhi. Mangaribi inakuwa nyekundu, inaanguka."

"Basi nitarudi kesho."

"Tutarudi," akasema, akaingia kufunga mfuko wake. "Hiyo yako panda hapa. Itabaki Bunia pa nafasi yangu."

Naandika haya Tchomia. Nimejifunza kwamba ua lile asubuhi ni la njano kweli, lina jicho la zambarau katikati, na halifikishi siku ya pili. Mama anachuna kamba na Mama Furaha, amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona, na mimi bado naogopa. Kila nikimwuliza tunarudi lini, asubuhi ananiambia nisubiri jioni nione nyekundu, na jioni ananiambia nisubiri asubuhi nione njano.