Kombe la Juma

Juzi, huko Ruwi, mtaa wa Maskati, niliona vijana wakidundisha mpira wa kikapu, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni mjini humo, iliyonukia kahawa na iliki. Baba na nduguye, Ami Seif, walikuwa wakibishana tena: nani alistahili kombe la mchezaji bora wa vyuo kabla hatujaondoka Unguja?

"Juma!" Baba akasema.

"Juma mchoyo wa pasi, bwana. Mpe Hamdu."

Mimi nilimtaka Juma. Mdogo wake, aliyebaki Unguja, ndiye aliyekuwa rafiki yangu pekee, nami, nisijue kuwa kombe ni la maneno tu, niliamini mshindi atakuja kulichukua, amlete na mdogo wake.

Mwishowe Ami akacheka. "Haya, mpe Juma wako. Nshachoka mie."

Nikavaa kanzu ya Idi, nikakaa mlangoni. Magharibi Baba akanikuta. Akaiona kanzu, akafahamu namngoja nani. Akakaa kando yangu, naye akaitazama njia.