Shimo Lisilojaa

Kwetu Rubavu, mtu akichimba shimo la maji machafu hasifiwi kwa kina chake. Anasifiwa akikutana na ufa. Chini ya udongo wetu kuna makoro, yale mawe meusi yaliyomwagwa na volkano zamani, na mawe hayo yamepasukapasuka. Ukibahatika, sururu inagonga, jiwe linaachia, na ubaridi unakupanda miguuni. Mwaga ndoo, imekwenda. Mwaga pipa zima, limekwenda. Majirani wanakuja kukupa hongera kama vile umejifungua.

Mama yangu alikuwa na ufa mzuri kuliko wote mtaani, na alijua kuringa nao. Alizaliwa Goma, akaolewa upande huu wa mpaka, na kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya hoteli za ufukweni. Mimi nilipiga pasi. Kutwa nzima povu lilishuka shimoni na kupotea. "Shimo yangu haijai," alimwambia kila mgeni kabla hata ya kumpa kiti, na mimi, sisemi uongo, niliringa pamoja naye.

Chini ya mtaa, karibu na ziwa, kuna chemchemi inayotoka ukutani kwa bomba fupi. Karibu kila nyumba ya kwetu huchota pale. Siku moja mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mwenye sauti ya kuvuka barabara, aliyaonja maji, akayatema, akasema yana sabuni. Hakunong'ona. Alisema chemchemini, akasema tena kwenye lango la kanisa, na akaongeza kwamba mtu mwenye akili asipeleke nguo kwa mama yangu. Hoteli moja ikasikia, ikaacha kuleta mashuka. Hapo mama akawaka.

Aliteremka mbio hadi chemchemini kumkabili muuza sambaza, mimi nyuma yake.

"Maji yangu inaenda chini, chini kabisa," alimwambia. "Haina njia ya kufika hapa."

"Bon. Na hii sabuni iko inatoka wapi?"

"Sikiliza. Nitamwaga bleu kwenye shimo yangu, mbele ya watu. Ikitokea hapa, shimo naifunga mi mwenyewe. Isipotokea, utaniomba pardon pale pale kanisani."

Basi akamwaga. Buluu ya kufulia, ile ya unga, pakiti juu ya pakiti, mpaka kingo za shimo zikawa kama zimepakwa wanja. Siku ya kwanza watu walijaa chemchemini kama kwenye arusi. Halafu wakachoka, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Mama hakuchoka. Kila asubuhi alishuka na beseni jeupe, akalijaza, akaliweka juu ya jiwe na kulikodolea macho. Alitaka awe wa kwanza kuwaonyesha kwamba hakuna kitu.

Nilikuwa naye asubuhi ile. Maji yalipotulia, chini ya beseni kulikuwa na vumbi jembamba la buluu. Mama aliliinamisha beseni huku na huku, vumbi likafuata. Hapakuwa na mtu mwingine pale. Muuza sambaza alikuwa amekwisha kuvuka mpaka kwenda sokoni Goma. Kulimwaga lile beseni kungekuwa kazi ndogo kuliko kupiga chafya.

Mama alilitwika kichwani. Hakupita njia ya mkato. Alipita barabara kubwa, nyumba kwa nyumba, na kila mlango alilitua. "Angalia," alisema. "Iko yangu." Shingo yake ilikuwa imenyooka vile vile kama siku alizokuwa akilisifu shimo. Nimewahi kumwona mama amevaa vizuri, nimewahi kumwona akisifiwa, lakini sijawahi kumwonea fahari kama nilivyomwonea barabarani siku ile.

Shimo likafungwa kwa mawe na saruji. Kazi ikabaki imening'inia, kwa sababu maji ya kufulia lazima yaende mahali. Mama alizunguka kiwanja siku nzima akichoma ardhi kwa fimbo, akitafuta pale udongo ulipo mnene. "Jiwe haichuji kitu," aliniambia. "Udongo ndiyo inachuja." Ni kweli. Ufa unapitisha maji yalivyo, uchafu na yote. Udongo unayachelewesha, kila punje inashika chake, na yakifika kwenye maji ya chini yamekwisha kuacha mzigo njiani.

Akachimba mitaro miwili mirefu isiyo na kina, kando ya migomba, akatandika mchanga na chengachenga za makaa ya pasi yangu. Mmoja unafanya kazi, wa pili unapumzika. Mwanzoni maji yalisimama, hayataki kwenda. Kwa mwanamke aliyekuwa na shimo lisilojaa, kusimama kusubiri kidimbwi kinywewe na udongo kulikuwa kitu kichungu, na alininunia mimi kana kwamba ni mimi niliyeumba makoro.

Mvua za masika zilipoisha alimwaga buluu tena, safari hii mitaroni. Hakuna aliyemwomba. Akarudia kushuka na beseni lake kila asubuhi, na kila asubuhi chini ya beseni kulikuwa na weupe mtupu. Aliendelea hata baada ya mimi kumwambia imetosha. Mwishowe muuza sambaza, aliyekuwa akipanga foleni hapo akimtazama, alichota kikombe, akanywa, akazungusha maji mdomoni, akameza. Kisha akajaza ndoo yake.

Siku ya pili yake alipanda mlima hadi kwetu. Kwapani alikuwa na kitenge chake cha kanisani.

"Naitaka kwa Jumapili," alisema.

Mama alikipokea, akakinusa. "Iko inanuka samaki."

"Ndiyo maana nimeileta."

Mama alikifua mwenyewe, akakisuuza mara kadhaa, na nilipoinua pasi alinipokonya, akakipiga yeye.