Nusaiba Aulizwa Nguzo za Imani

Nusaiba Augustine alisilimu Jumamosi, tarehe 14 Machi 2009, katika msikiti mmoja wa Tandika, wilayani Temeke. Cheti anacho hadi leo. Kabla ya hapo alikuwa Adelina, binti wa mchonga vinyago kutoka Masasi. Alisoma dini miezi mitano kwanza, jioni akishafunga genge lake la mboga, kwa sababu hakutaka mtu aje kumwambia kwamba kafuata mume.

Walimwambia hivyo hivyo. Kila arusi na kila hitima ya ukweni palikuwa na mtu wa kumpima: soma Alhamdu tusikie, taja mitume. Alijibu, akameza hasira, akaendelea kukuna nazi.

Alhamisi alfajiri mumewe, Suleiman, fundi wa kuchomelea, alifariki kwa maradhi ya figo. Alikuwa amemwomba jambo moja: "Nikitangulia, unioshe wewe." Dini inamruhusu mke kumwosha mumewe. Kufika saa tano mwosha maiti, Mzee Anwar, alishafunga pazia chumbani na kupanga ndoo za maji. Nusaiba alipokwenda kuingia, shemeji yake Mfaume aliziba mlango kwa mkono.

"Humu wanaingia Waislamu, shemeji."

"Na mie nani?"

"Juzi ulikuwa kanisani."

"Nilikwenda kumzika dada yangu."

"Haya, nguzo za imani ngapi?"

"Sita."

Mfaume akawageukia wanaume waliokaa mkekani. "Mmesikia? Ni tano. Mtoto wa chekechea anajua."

Mumewe alikuwa amelazwa hatua nne kutoka pale, na mtu huyu anamtungia mtihani. Hasira ya miaka yote ile ikampanda kooni. Safari hii hakuimeza.

"Tano ni za Uislamu: shahada, sala, zaka, saumu, hija. Wewe umeniuliza za imani. Kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, ya kheri na ya shari. Hiyo ya sita ndiyo niliyonayo kifuani leo. Naiamini, na inaniuma. Wewe hata hukujua kama ipo. Mie dini niliisomea, shemeji. Wewe umezaliwa nayo, ukaiacha kwenye mbeleko."

Mkekani mtu mmoja alikohoa ili asicheke.

"Nilikuwa nakutania tu," Mfaume alisema.

"Leo? Siku zote ulizonitania hazijakutosha, mpaka leo?"

Mfaume hakuutoa mkono mlangoni. Mzee Anwar akachungulia kutoka nyuma ya pazia, mikono imeloa.

"Ni sita, Mfaume. Na hata angekosea, mume ni wake. Pisha. Mwanangu, ingia ushike kata ya maji, mie nitakuelekeza."

Nusaiba alipita bila kumtazama shemeji yake, akakunja mikono ya baibui.

Suleiman anazikwa leo baada ya sala ya alasiri. Mkewe amekwishaanza eda, miezi minne na siku kumi, na ataikalia katika nyumba hiyo hiyo.